Matanga ya Mikumi

Telegramu ilinikuta shambani. Tulikuwa tunapalilia mahindi ya kijiji cha ujamaa huko Kisanga, wanafunzi wa chuo cha kilimo na wanakijiji pamoja, na mimi nilikuwa nabishana na mwenzangu Thadeo kuhusu nani ameacha magugu kwenye mstari wa nani. Mwalimu wa zamu alikuja kwa baiskeli, akashuka pembezoni mwa shamba, akavua kofia. Alipovua kofia tu, nilijua.

"Baba amezikwa Jumatatu. Usije. Soma." Ndivyo alivyoandika mjomba wangu kutoka Mpika, Zambia.

Ilikuwa mwaka 1974, na mimi, Bwalya, nilikuwa Mzambia pekee chuoni. Serikali yetu ilinileta Kilosa kujifunza kilimo. Nilishuka stesheni nikiwa na Kiswahili cha kitabuni kilichotosha kuomba maji ya kunywa. Aliyenipokea ni Sikuzani, mwanafunzi mwenzangu, Mluguru wa Kimamba, binti wa mfanyakazi wa reli. Hakuniuliza kama nimechoka. Aliniuliza kama najua kuendesha baiskeli.

Sikujua, kwa hiyo alinifundisha. Nikaipeleka baiskeli moja kwa moja kwenye mkonge wa Kimamba, na Thadeo ndiye aliyenichomoa miiba, huku akiimba nyimbo za kanisani ili nisisikie maumivu. Thadeo alikuwa Mkaguru wa milimani, mtoto wa katekista wa Kianglikana, kijana aliyeamini kwamba hakuna jambo duniani lisilotengenezeka kwa nia njema. Yeye ndiye aliyenifundisha salamu. Nikaogopa sana kukosa adabu, nikawa natoa shikamoo kwa kila mtu, hata kwa mdogo wake Sikuzani ambaye alikuwa bado ananyonya kidole. Mtoto yule akatoa kidole mdomoni, akaniambia, "Marahaba, mwanangu."

Nasimulia haya ili ijulikane kwamba sikuwa mpweke. Watu wale walinifanya nisijione mgeni, na mpaka leo nikikumbuka moyo wangu unashukuru. Lakini msiba ni kitu kingine.

Mwaka uliotangulia, bibi yake Sikuzani alifariki, nami nikaenda Kimamba kukaa naye matangani. Wanaume walipokwenda makaburini, akatokea uani mama mmoja wa Kinyamwezi, amejifunga kanga ya marehemu, ameinama, anatembea kwa fimbo kama bibi alivyotembea. Akawa anakaripia watu kwa sauti ya bibi: "Nani amekula mbaazi zangu? Ninyi mnalia nini, mmeshakula mbaazi zangu!" Nilimrukia ili nimvue ile kanga. Ua mzima ukalipuka kwa kicheko, na Sikuzani naye, macho mekundu, akanishika kiuno.

"Mwache, dada! Huyo ni mtani wetu!"

Baadaye akanieleza. Yako makabila ambayo zamani yalipigana, au yalisafiri pamoja, na leo ni watani. Mtani hukutukana usikasirike. Huchukua kitu chako usimzuie, mpaka ukikomboe. Na siku ya msiba yeye ndiye anayeshika kazi, yeye ndiye anayemwiga marehemu, mpaka waliofiwa wacheke, na wakishacheka walie sawasawa. "Pasipo mtani," alisema Sikuzani, "machozi yanakwama."

Kwetu pia lipo jambo kama hilo. Nilimwona baba akitaniana na watu fulani sokoni, ila mimi nilikulia bweni la misheni, nikadhani ni mzaha wa wanaume tu.

Basi machozi yangu yalikwama. Tangu siku ile ya Kisanga sikulia. Wenzangu chuoni waliketi nami, wakaimba, wakanipikia uji. Kila mtu alinisemesha polepole, kana kwamba nimebeba yai kichwani. Kadiri walivyonihurumia ndivyo nilivyozidi kukauka. Usingizi ukanipotea. Darasani nilitazama ubao, nisione kitu.

Thadeo hakuweza kuvumilia. Siku moja baada ya chakula cha mchana aliingia ukumbini amevaa koti nyuma mbele, akanijia akirukaruka.

"Ndugu Bwalya! Nimesikia habari za baba yako! Kaona msimu wa palizi umefika, akaona afadhali afe!"

Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Kikombe nilibaki nacho. Chai yote ilimwishia Thadeo kifuani.

Alisimama pale akichuruzika. Sikuzani akamkokota nje, na nikamsikia akimfokea dirishani.

"Nani amekwambia wewe ni mtani wake? Wakaguru na Wabemba walipigana lini? Utani hautwaliwi kama kiti kilicho wazi!"

"Nilitaka alie," Thadeo akajibu. "Nilitaka alie tu, Sikuzani."

Jioni ile niliamua kwenda nyumbani. Niliona kwamba nisipolitazama kaburi kwa macho yangu, sitaamini, na nisipoamini sitalia kamwe. Mkuu wa chuo alinisikiliza kwa upole. Akanikumbusha kwamba mitihani ya mwisho ilikuwa karibu. Nikiondoka sasa, nafasi yangu itakuwa imepotea, na mafunzo yote yatakuwa ya bure. Nikasema naelewa. Nikafunga sanduku.

Mpika iko kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam, na malori ya Zambia yalipita Mikumi kila siku. Nilihitaji kufika Mikumi tu. Rafiki zangu hawakunizuia. Sikuzani aliomba ruhusa anisindikize, na Thadeo akafika stesheni kabla yetu, akachukua sanduku langu, akalipakia kwenye treni ya Kidatu. Njia nzima alilipakata kama mtoto mgonjwa.

Mikumi tulielekezwa kwenye hoteli ya Mama Gaudiosa, banda la bati kando ya lami, ambako madereva walikula ugali na maharage. Mwenyewe alikuwa mama mnene wa makamo, rozari shingoni, mwiko mkononi. Tukamwamkia shikamoo wote watatu, akaitika marahaba, akatuonyesha benchi.

Muda si mrefu likasimama lori lenye namba za Zambia. Dereva akaingia akijipangusa vumbi, na Mama Gaudiosa akapaza sauti kabla hajakaa.

"Karibu, mla nyani! Umepita mbugani, umewabakiza hata wawili?"

"Nimewabakiza, mla panya," dereva akajibu. "Wewe leo umeweka panya wangapi chunguni?"

Banda zima likacheka. Mimi nikainua kichwa. Maneno yale yale niliyasikia utotoni, baba akiyatupa sokoni Mpika na kutupiwa. Wabemba wala nyani, Wangoni wala panya. Sikuwa nimeyasikia tangu nivuke mpaka.

Sikuzani akamwendea yule dereva, aliyeitwa Chileshe, akamweleza shida yetu kwa sauti ya chini. Chileshe akanigeukia, akanipa pole kwa Kibemba, akasema nafasi ipo, akimaliza kula tunaondoka.

Mama Gaudiosa alikuwa ametega sikio.

"Huyu binti ni Mbemba?"

"Ndiyo, mama," nikasema.

"Na baba yako ndiye aliyekufa?"

"Ndiye."

Akauweka mwiko chini. Akanawa mikono bila haraka, akajifuta kwa kanga. Kisha akamfuata Thadeo, akampokonya sanduku langu, akalitia pembeni mwa jiko, akalikalia.

"Mama," nikasema, "naomba sanduku langu. Lori linaondoka."

"Sanduku lako? Tangu lini Mbemba akawa na kitu chake mbele ya Mngoni? Kamuulize baba yako! Lo, kumbe hayupo! Amesikia Wangoni wanakuja tena, akaona ajifukie mwenyewe!"

Thadeo akafumba macho, akingoja chai iruke.

Lakini mimi nilikuwa nacheka. Sijui kicheko kilitoka wapi. Kilinitoka kwa nguvu kama kikohozi. Mama huyu hakunisemesha kama niliyebeba yai. Alinitukana kwa haki, haki ambayo babu zake na babu zangu waliinunua kwa mikuki.

Sikuzani alielewa upesi. Akapiga magoti mbele ya Mama Gaudiosa, kama mshenga. "Mtani wetu, tunaomba. Tutalikomboa sanduku kwa kitu gani?"

"Kwa baba yake," akasema Mama Gaudiosa. "Nimemzika nani mimi, ambaye hata sijamwona? Mleteni hapa nimwone. Wewe Chileshe, vua koti. Haya, binti, mzee huyo alitembeaje?"

Akavaa koti la dereva, akazunguka kati ya mabenchi kwa madaha, tumbo mbele.

"Hapana," nikasema. "Si hivyo. Baba alikuwa fundi baiskeli. Alikuwa ameinamia upande mmoja, kama anakokota baiskeli ya mteja. Hata akienda kanisani alitembea hivyo."

Akainama. "Hivi?"

"Upande wa kulia. Na mkono uwe mbele kidogo, kwenye usukani."

"Wabemba hawajui kutembea! Hivi?"

"Polepole, mama. Hakuwa na haraka."

Akaanza tena kutoka mlangoni. Madereva walikuwa wameacha kula. "Na akifika nyumbani?" akaniuliza. "Alibisha hodi?"

"Hakubisha. Alipiga mluzi. Mara mbili, mfupi na mrefu, ili mama ajue atenge maji."

Mama Gaudiosa akatoka nje kabisa. Tukasikia mluzi, mfupi na mrefu. Kisha akaingia, ameinamia kulia, mkono kwenye usukani ambao haupo, hana haraka.

"Tata!" nikaita. Ndivyo tunavyomwita baba kwetu.

Nikalia. Nililia kwa sauti, katikati ya hoteli, mchana kweupe, na Sikuzani akanishikilia nisianguke, naye akalia, na Thadeo akalia kutupita wote, maana nadhani alikuwa na machozi ya aibu yake pia. Mama Gaudiosa akasimama juu yetu na koti la watu, akiamrisha. "Lia, mla nyani! Hapo sasa! Unalia kama paka, lia kama mtu! Huna baba mwingine!" Na yeye mwenyewe, nilimwona, alikuwa anajifuta kwa ncha ya kanga.

Nilipotulia alininawisha uso kwa maji ya ndoo, kwa mkono wake, akanikalisha mbele ya sahani. Nilikula ugali wote. Kilikuwa chakula cha kwanza kuwa na ladha tangu siku ya telegramu.

Nje, Chileshe akapiga honi.

Mama Gaudiosa akalileta sanduku, akaliweka miguuni pangu. "Umekomboa. Lori ni lile, na treni ya kurudi Kilosa ni kesho asubuhi. Mimi ni mtani wako, si mama yako. Sikuchagulii."

Sikuzani alitazama pembeni. Thadeo alitazama viatu vyake. Hakuna aliyenisihi, nami niliwapenda kwa hilo. Nikajiuliza nakwenda Mpika kufuata nini. Nilikuwa nakwenda kutafuta mahali pa kulia. Mahali pale nilikuwa nimepapata, na chumvi yake ilikuwa bado mdomoni.

Leo mimi ni bibi shamba, nafundisha wakulima wa wilaya yetu kupanda mahindi kwa mistari, na kila nishikapo kamba ya kupimia najua kwamba kazi hii walinipa watu watatu pale Mikumi. Nchi zetu zilikuwa changa, viongozi walituambia kwamba Mwafrika ni ndugu wa Mwafrika, na sisi wanafunzi tulilikariri neno hilo. Siku ile nililiona likijifunga kanga kiunoni na kukorofishana na mimi.

Nikatoka hadi kwenye lori, bila sanduku.

"Kaka Chileshe, nisamehe. Siendi tena. Ukifika Mpika, nyuma ya soko kuna nyumba yenye karakana ya baiskeli. Mwambie mama kwamba Bwalya anamaliza shule kwanza, ndipo aje. Na mwambie tumemlilia baba. Tumemlilia vizuri."

Chileshe akaegemea dirisha. "Ataniuliza mlikuwa akina nani. Msiba lazima uwe na watu."

"Mwambie mimi, na Mluguru mmoja, na Mkaguru mmoja."

"Na Mngoni!" Mama Gaudiosa akapiga ukelele kutoka jikoni. "Usinisahau mimi, mwizi wa nyani wewe! Na koti lako njoo ulichukue, linanuka!"

"Mngoni," Chileshe akarudia, akitikisa kichwa, na nikaona anacheka. "Basi hapo mama yako ataamini."

Thadeo akamrushia koti dirishani. Lori likanguruma, likaingia barabarani kuelekea magharibi, na vumbi lake likatuangukia. Sikuwa nimemaliza kulipangusa machoni nilipomsikia Mama Gaudiosa akituita wote watatu kwa pamoja, akitaka kujua kama wageni wake wa usiku ule walidhani vyombo vinajiosha vyenyewe. Nikakunja mikono ya gauni, nikaenda.