Wembe wa Mugeta

Nyakato nzima hakuna mwanamke anayejua kutunza siri kama mimi. Siri ya mume wangu nimeitunza miaka na miaka, na ndiyo hii naiandika hapa ili msome wote.

Mwaka tisini na nne nilichoka. Siyo ule uchovu wa jembe, ambao ukilala unaamka umekuacha. Mwanangu Masatu alikuwa anachuna minofu ya sangara kiwandani. Macho yakamgeuka manjano kama kiini cha yai, wakamwambia akapumzike, na hawakumwambia arudi lini. Ikawa kila Jumanne tunaenda hospitali na glovu zetu na sindano yetu mfukoni, maana siku hizo mgonjwa alienda kama mgeni aliyeambiwa aje na kiti chake.

Daktari alikuwa kijana mwembamba, Clementi, macho yake yamechoka kuliko ya wagonjwa.

"Ini lina mdudu, mama," aliniambia. "Damu huwa na alama. Moja inasema mdudu yumo. Nyingine inasema askari wa mwili wamepigana naye wakamshinda. Tukiziona tunajua vita imefika wapi."

Kisha akamgeukia mume wangu. "Mzee, vipimo vyangu vichache, napima wanaokaa na mgonjwa na waliowahi kugusana naye damu tu. Mmewahi kuchanjwa chale kwa wembe mmoja?"

Mume wangu Alfonce ni katekista. Akashika rozari. "Daktari, nyumba yangu ni ya Kristo. Mganga simjui hata kwa sura."

Nami nikatikisa kichwa. Kwa hiyo mdomo wangu haukudanganya, ilidanganya shingo.

Ukweli ni huu. Mwaka themanini na nne mama mkwe alituita kwake Mugeta, akasema nyumba yetu iko wazi kama zizi lisilo na mlango, lazima tufanyiwe kinga. Madukani hakukuwa na sabuni wala chumvi, nyembe ndiyo usiseme. Mganga alikuwa na wembe mmoja. Akaufungua kwenye karatasi yake mbele yetu, tukautazama kama pete ya askofu. Kwa desturi huanza mkubwa wa nyumba, kisha wanashuka. Alfonce, mimi, binti yetu Jenoveva, mwisho Masatu, ana miaka kumi na miwili. Kifuani, chale tatu tatu, na unga mweusi juu yake. Jumapili Alfonce akafundisha amri ya kwanza, kwa sauti nzuri kweli.

Basi daktari akachukua damu ya Masatu, na ya sisi wazazi kwa kuwa tunakaa naye, ikapelekwa Mwanza. Jenoveva aliolewa Kisorya, na wakati huo alikuwa na mimba ya miezi sita. Hakuitwa. Nani angemwita, na sisi tumeshasema hakuna wembe?

"Baba Masatu, tuseme," nilimwambia tukipalilia mihogo. "Kama mdudu yuko kwa Jenoveva, atampa mtoto."

"Padri akisikia nilienda kwa mganga, nitakaa wapi kanisani?"

"Nyuma, na mimi. Kule tunasinziaga vizuri."

Hakucheka. Nikanyamaza tena, mimi mtunza siri.

Majibu yalikuja baada ya miezi miwili. Clementi aliyasoma polepole.

"Masatu, mdudu bado yumo. Alama ya ushindi haipo. Askari wako wamechoka."

"Hata mimi," nikasema. Masatu tu ndiye aliyetabasamu.

"Siyo kwamba utakufa kesho," daktari akamwambia. "Pombe acha, na tutaendelea kukupima." Akageuza karatasi. "Nyie wazazi, wote wawili mna alama ya ushindi. Mliugua zamani, mkapona wenyewe."

"Bwana asifiwe!" akasema Alfonce.

"Ila alama haisemi mlipata wapi wala lini, ndiyo maana nauliza tena, mzee. Kuna familia moja walichanjwa kwa zamu. Yule wa kwanza alikuwa na mdudu, akawaachia wote waliomfuata. Yeye alipona. Watoto wake hawakupona."

Alfonce akamtazama Masatu, akatazama sakafu. Jasho lilimtoka puani.

"Haiwezekani, daktari. Wa kwanza hana kosa! Mimi nilianza, na wembe ulikuwa mpya, umetoka kwenye karatasi, haujagusa damu ya mtu!"

Clementi akachukua kalamu.

"Waliofuata baada yako ni nani, mzee?"

"Andika Jenoveva," nikasema. "Yuko Kisorya, miezi minane. Apimwe kabla hajajifungua."

Masatu akafungua kifungo cha shati, akazigusa chale zake tatu, huku anamwangalia baba yake.

Alfonce akaisogeza rozari kifuani, akanigeukia kwa upole wote wa Jumapili.

"Mama Masatu," akasema, "wembe gani huo mnaouongelea?"