Nusu ya Kinyanjui

Khaemba alikuwa bado chooni, mkono mmoja ukutani, akingoja mkojo uliokataa kutoka. Nje foleni ya wapangaji ilikuwa imerefuka, na kijana mmoja akamuuliza kwa sauti kama siku hizi analipa kodi ya choo pia. Watu wakacheka. Mkewe, Nabalayo, alikuwa mlangoni kwao, ameinamia stuli, akikata kidonge kwa wembe.

Nusu moja ilikuwa ya mumewe. Nusu ya pili aliifunga kwa kipande cha gazeti akampelekea Kinyanjui, jirani wao wa ukuta mmoja, aliyekuwa na saratani ileile ya tezi dume kama Khaemba. Wazee hao walikuwa wameenda hospitali pamoja. Huko daktari wa utafiti aliwaeleza kwamba vidonge hivyo ni vya kupunguza mafuta kwenye damu, na wagonjwa wa moyo wamevimeza miaka na miaka. Sasa watafiti walitaka kujua kama vinaweza kuzinyima seli za saratani nguvu ya kupenya na kuvamia mifupa. Huenda vikasaidia, huenda visisaidie. Ila aliyechukuliwa kwenye utafiti angedungwa pia sindano za saratani bure, na hizo hakuna mtu wa mtaa wao wa Rhonda ambaye angeweza kujinunulia. Khaemba alichukuliwa. Kinyanjui akaambiwa nafasi zimejaa.

Nabalayo hakuona la kufikiria sana. Kinyanjui ndiye aliyewapokea walipotoka magharibi mwa nchi na godoro moja, na katika jiko la Nabalayo hakujawahi kuliwa kitu na mmoja huku mwingine akitazama.

Siku ya kliniki walienda wote watatu, wakishikana kwa zamu. Kinyanjui alibaki kwa benchi nje. Alisema anataka tu kusikia mwenzake anaendeleaje.

Daktari Chepkosgei, msichana wa umri wa wajukuu wao, aliitazama kompyuta. Damu ya mzee, alisema, si damu ya mtu anayemeza dawa kamili. Mafuta hayajashuka inavyotakiwa.

"Mzee, unaziuza?"

Khaemba akainamisha kichwa. Alikuwa amefanya kazi ya reli mpaka nywele zikawa nyeupe, na hakuna aliyewahi kumwita mwizi. Nabalayo akasogea mbele yake, karibu na meza.

"Hajauza, daktari. Ni mimi huzikata. Nusu yake, nusu ya Kinyanjui. Yuko hapo nje, uliza yeye."

Daktari akavua miwani. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Akaeleza polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto, kwamba wafadhili wanataka majibu safi, na mtu aliyemeza nusu hawezi kuwaambia lolote. Mzee itabidi atoke.

"Basi atoke kwa vidonge," Nabalayo akasema. "Sindano mumwachie."

"Mathe, sindano ni za walio ndani ya utafiti."

"Na saratani yake iko ndani ya nini?"

Daktari akavaa miwani yake tena. Akasema sheria si zake, kisha akanyoosha mkono aletewe chupa. Nabalayo akaitoa kwenye kikapu lakini hakuiachilia. Akaomba, kwa sauti ya chini, vilivyobaki apewe Kinyanjui basi, vizima vizima, ili angalau mmoja wao anywe dawa inavyostahili. Akaambiwa haiwezekani. Dawa ikishatoka kwa mgonjwa mmoja haipewi mwingine, inaharibiwa.

Vidonge vikamiminwa ndani ya ndoo ya takataka, vikatiwa maji. Muuguzi akakoroga kwa kijiti hadi vikawa kama uji wa mtoto, mweupe, mzito.

Khaemba alijaribu kusimama, akashindwa, akakaa tena. Nabalayo akageuka kutafuta mtu wa kumsaidia kumwinua. Mlango ulikuwa wazi. Pale kwa benchi Kinyanjui akakutana na macho yake, akavua kofia, akaanza kuinuka akijishikilia ukutani, akidhani ameitwa.