Damu ya Emilia Chini ya Mwanga

Binti yangu Emilia alianza kuugua pumu ya ngozi akiwa mchanga. Alipokuja kuwa mwalimu hapa Chiwata, shingo na mikono yake ilikuwa imekakamaa, inapasuka na kutoa maji, na usiku alijikuna hadi alfajiri bila kulala. Dawa za kupaka, vidonge, sindano, vyote vilimtuliza kwa muda tu. Wazazi wengine waliwakataza watoto wasishike chaki aliyoishika yeye.

"Haiambukizi," aliwaambia, akaendelea kufundisha.

Mwishowe tukaelekezwa hospitali moja Dar es Salaam iliyokuwa na tiba mpya. Daktari Faidha akatufafanulia: "Damu itatoka kwa mrija, mashine itatenga chembe nyeupe, maana baadhi yake ndizo zinazoishambulia ngozi. Tutazitia dawa, tutazimulika kwa mwanga maalumu, kisha tutamrudishia."

"Damu ya mwanangu itoke nje, imulikwe, halafu irudi?" Niliuliza nikirudi nyuma kuelekea mlangoni.

"Baba, kaa hapa," Emilia akasema. "Kama unaogopa, nishike mkono."

Mgonjwa alikuwa yeye, na mimi ndiye niliyebembelezwa! Nikaushika ule mkono mkavu mpaka mashine iliponyamaza. Alitoka amevaa miwani nyeusi, kwani baada ya tiba macho na ngozi havitakiwi kupigwa jua. Nikamwambia amekuwa kama mwanamuziki. Akacheka hadi wauguzi wakageuka.

Tulirudi huko mara nyingi. Miezi ya mwanzo sikuona tofauti, nikakata tamaa kimoyomoyo. Yeye hakukata. Kisha asubuhi moja nilimkuta mke wangu Yuster kasimama mlangoni kwa Emilia, analia.

"Bado amelala," alininong'oneza. "Jua limetoka, na hajajikuna."

Mwaka huu mama mmoja aliyesikia habari za Emilia alikuja kwetu kutoka Newala na binti yake Siti, mwenye ngozi kama ile.

"Shikamoo, Baba Emilia."

"Marahaba, karibuni."

Emilia alikunja mikono ya blauzi, akawaonyesha palipolainika na viwiko ambavyo bado vina mabaka.

"Sitawadanganya," alisema. "Haijaisha, wala si kila mtu tiba hii inamfaa. Daktari ndiye atakayeamua. Ila mimi sasa ninalala, na nikiamka ninafundisha."

Siti aligusa kiwiko cha Emilia taratibu. Mama yake akanigeukia.

"Binti jasiri namna hii ni wako kweli?"

"Ni wangu," nikajibu. Kisha nikarudia kwa sauti, majirani waliokataza chaki yake nao wasikie.