Malaria ya Ignasi

Marietha alikuwa akiitikia maombi ya jumuiya kwa mdomo tu, akili yake iko kwenye mbaazi alizoziacha jikoni, mpaka aliposikia jina la mwanawe.

"Tumwombee na kijana wetu Ignasi," alisema Gaudens, amefumba macho. "Malaria imemlaza tangu jana. Mungu amjalie nafuu. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie," waliitikia wote.

Marietha hakuitikia. Alfajiri ile ile yeye mwenyewe alimfungulia Ignasi mlango wa uani, akamwona akitoa baiskeli, kavaa kofia ngumu na ile kaptula ya kubana ambayo mama mtu alikataa kuianika kwenye kamba ya mbele. "Nimeomba ruhusa kazini, Mama. Nakwenda Nachingwea kwenye mashindano." Malaria gani hiyo inayopanda milima?

Gaudens hakuwa mwongo. Yeye alisimamia mizani kwenye ghala la ufuta la kampuni moja ya Dar, na Ignasi alikuwa mtu wa kompyuta wa kampuni hiyo hiyo. Mkulima akipima gunia, uzito unaingia kwenye simu, na anayehakikisha unaingia ni Ignasi, ameketi chumbani kwake hapo Ruangwa na laptopu mapajani. Gaudens aliambiwa na Dar kwamba mwenzake anaumwa. Na Dar waliambiwa na nani, Marietha hakuhitaji kuuliza.

Ile baiskeli ilikuwa imemchosha. Haina keria, haina kengele, haina hata stendi. Ikifika nyumbani inaegemezwa ukutani kama mlevi. Ndoo ya maji haibebi, gunia halibebi. Inambeba Ignasi peke yake, kwenda mlimani na kurudi, na huko mlimani hakuna alichokifuata. Marehemu baba yake aliendesha baiskeli maisha yake yote, na hakuwahi kuipanda bila kitu cha kupeleka mahali.

Angevumilia hayo. Lakini kampuni ilikwisha kumwonya kijana. Siku moja walimtafuta, naye yuko kwenye vilima vya Mbwemkuru ambako simu haishiki. Wakamwambia, ukirudia, ubaki huko huko mlimani. Kazi ile Marietha aliiombea novena, magoti yakachubuka. Sasa akifungua mdomo hapa, mbele ya Gaudens, kazi imekwenda. Asipofungua, ameshiriki uongo ndani ya sala.

"Mama Ignasi," alisema Lusiana, mwenyekiti wa jumuiya, sala ilipokwisha, "mgonjwa yuko ndani na wewe umekaa kimya? Ulitaka tusikie redioni? Haya, wapendwa, twendeni tukamtazame."

Huko kwao mgonjwa hatumiwi salamu, anafuatwa. Ignasi kazaliwa hapo, kakulia hapo, na bado alimdanganya mtu wa Dar akadhani uongo utabaki Dar. Mmoja akatoa mayai, mwingine sukari, na jumuiya nzima ikashika njia. Marietha alitembea katikati yao kama anayesindikizwa polisi.

Walipofika mlangoni Lusiana alianzisha wimbo. Marietha akawageukia, mgongo wake ukiuziba mlango.

"Msiimbe," alisema. "Humu ndani hamna mgonjwa. Ignasi haumwi. Yuko Nachingwea, anashindana baiskeli."

Wimbo ulikatika vipande vipande, wa nyuma wakiwa wa mwisho kunyamaza.

"Kumbe malaria ya magurudumu," alisema Lusiana.

Wengine walicheka. Gaudens hakucheka. Alijishika kichwa.

"Mama, unajua ghalani kukoje? Mizani haisomi tangu asubuhi, nimechepuka kusali tu. Watu wamejaa na magunia yao, mnunuzi ameleta magari, anasema ufuta usipopimwa leo anaondoka. Anayeweza kuufungua mfumo ni Ignasi peke yake. Dar walitaka kumpigia, mimi nikawaambia, mwacheni mgonjwa apumzike."

"Mpigie."

"Napiga. Haipatikani."

Marietha aliingia chumbani, akaichukua laptopu kitandani, akaifunga kwa kitenge na kuikumbatia kama mtoto wa watu. "Washa pikipiki," alisema.

Njia nzima vumbi liliingia puani, na Marietha alinung'unika kwa sauti, nusu akimwambia Gaudens, nusu akimwambia Mungu, maana Mungu alikuwa na habari zote.

Nje kidogo ya Nachingwea walikuta watu wamejipanga kando ya kijia kilichoshuka kutoka mlimani. Baiskeli ya kwanza ilipita. Ya pili ilikuwa ya Ignasi, mwekundu kwa vumbi mpaka kope. Marietha aliingia katikati ya kijia akasimama.

Breki zililia. Baiskeli ilisimama karibu kumgusa.

"Mama, pisha."

"Sipishi."

"Nimebakiza kilima kimoja, Mama. Kimoja tu."

"Mizani imegoma. Wazee wamekaa juani juu ya magunia yao. Nenda ukawaambie hao umebakiza kilima kimoja."

Baiskeli ya tatu iliwapita, na ya nne. "Bibi, mwache mwanao ashinde," alisema mtu mmoja. Marietha hakumgeukia. Ignasi aliitazama migongo ya wenzake ikipotelea kwenye mikorosho, akavua kofia.

Kazi ilifanyika barazani kwa muuza duka, kwa bando la simu ya Gaudens. Ignasi alibonyeza, akasonya, akabonyeza tena, jasho likidondokea vitufe. Hatimaye Gaudens alipiga simu ghalani, akasikiliza, uso ukamfunguka. "Inasoma. Wameanza kupima."

Ignasi alifunga laptopu. "Basi, yamekwisha."

"Hayajaisha. Mpigie bosi wako."

"Kumwambia nini? Mzigo unapimwa. Hakuna anayejua."

"Jumuiya nzima imekuombea," alisema Marietha. "Mungu amesumbuliwa kwa malaria ambayo haipo, na unaniambia hakuna anayejua? Piga, weka sauti kubwa."

Ignasi alipiga. Bosi wake alikuwa mwanamke aliyeitwa Eva, na sauti yake haikuwa na haraka.

"Umepata nafuu?"

"Sikuwa naumwa, dada. Nilikuwa kwenye mashindano ya baiskeli."

Marietha alianza Salamu Maria kimoyomoyo, akakwama katikati.

"Kwa nini hukuomba ruhusa?"

"Ungeninyima."

"Ningekunyima. Ni msimu. Nani amekutoa huko?"

"Mama."

"Yuko hapo? Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Leo simfukuzi, kwa kuwa amesema mwenyewe. Ila Jumamosi zake zote ni za ghalani, mpaka gunia la mwisho lipimwe. Baada ya hapo aendeshe mpaka achoke. Na akiumwa, nitaamini nikisikia kwako, si kwake."

"Nimesikia," alisema Marietha. Simu ilipokatika alimgeukia mwanawe. "Umeona? Sasa na mimi umenitafutia kazi."

Ignasi alikuwa akifuta mnyororo kwa kidole, kichwa chini. "Mwezi wa tisa kuna mashindano mengine, Mama. Ufuta utakuwa umekwisha."

"Panda, twende. Lusiana anakusubiri, na mdomo wake unaujua."

Waliondoka, Marietha nyuma ya Gaudens, Ignasi akifuata. Kwenye mteremko wa kwanza wenye mashimo, pikipiki ilipopunguza mwendo, kitu chekundu kiliwapita pembeni kwa kasi, kimesimama juu ya pedeli, kikiruka mashimo kama mbuzi.

"Mwone," alisema Gaudens, akicheka.

Marietha alimwona. Alisonya. Halafu akamgonga Gaudens begani.

"Na wewe ndio umelala? Ongeza mwendo."