Bahari Inayovutwa kwa Kanyagio

Jumanne saa tatu asubuhi Mbeyu alikaza skrubu ya mwisho, akatangaza kwamba chombo kiko tayari. Kilikuwa kayaki ya plastiki ya manjano, ile ya kuendeshwa kwa miguu, aliyoinunua kwa bei ya kutupa kwenye hoteli moja ya Kikambala. Pedeli zake zilikuwa zimevunjika. Mbeyu ni fundi wa nguo, si mtu wa kushindwa na vyuma. Alifungua kanyagio la charahani yake, akaliunganisha na rafadha kwa mkanda wa ngozi. Nyuma ya kiti akapachika vipande viwili vya bomba vya kushikia mishipi, na ndoo ya rangi ya kutilia samaki. Kiti chenyewe akakishonea mto wa kitenge, maana uvuvi si adhabu.

Tangu utotoni alikuwa akiokota pweza mwambani maji yakitoka. Sasa alitaka kitu kimoja tu, tena alikitaka mpaka usingizi ukampaa: kuuvuka mwamba ule akavue upande wa pili, penye kina, kwa nguvu za miguu yake mwenyewe.

Shida ilikuwa ukuta. Mwenye ploti ya ufuoni alikuwa ameiziba njia ya kwenda pwani, njia waliyoipita mabibi zake wote, akaweka lango na bawabu mmoja wa bara, Japheth, mtu mwenye adabu asiyempisha yeyote. Kuzunguka ni mwendo wa saa mbili, na kayaki si mtungi wa kujitwika.

Basi Mbeyu akaiweka uani juu ya magogo mawili, akapanda kuijaribu. Akakanyaga. Kayaki haikusogea hata inchi. Iliyosogea ni bahari. Ilikuja taratibu kwa njia ile ya zamani, ukanda wa maji wenye upana wa leso, ikapita chini ya lango, ikakata kona penye duka la mkaa, ikaingia uani na kutulia chini ya kayaki. Ilikuwa na chumvi kama kawaida.

Mzee Dena, jirani yake aliyestaafu uvuvi, alisogeza kiti kisilowe.

"Umefunga kanyagio la charahani?"

"Ndiyo, baba."

"Ulitarajia nini basi? Charahani haikifuati kitambaa. Hukaa papo hapo ikakivuta."

Mbeyu aliona hilo ni kweli tupu, akashusha mshipi. Kufika adhuhuri alikuwa na changu saba na tafi mmoja. Majirani walikuja na sufuria, wakafukuza kuku wasizame, na Mbeyu akacheka mpaka leso ikamfunguka.

Japheth naye alifika, akiufuata ukanda wa maji, kitabu cha wageni kwapani.

"Mama, hii bahari ni yako?"

"Mimi nimeivuta tu."

"Basi wacha niiandike."

Akaandika: jina: Bahari; inakotoka: chini pwani; inakokwenda: kwa Mama Mbeyu. Penye nambari ya kitambulisho akapiga mstari.

Alasiri Mbeyu aliacha kukanyaga, maji yakaanza kurudi, naye akabaki ndani ya kayaki yambebe. Walikwenda vizuri mpaka langoni. Japheth akalifungua wazi, akaipisha bahari kwa heshima, kisha akaishika kayaki kwa mkono mmoja.

"Bahari inarudi kwao, mama. Wewe kwenu ni huku."

"Lakini mimi niko juu yake!"

"Naona, mama. Pole."

Maji yakaisha chini yake, kayaki ikakaa kwenye changarawe. Majirani waliibeba kuirudisha, wakitaniana njia nzima.

Tangu siku hiyo Mbeyu huvuta bahari kila asubuhi, na nguo za watu huzishona jioni kwa mkono. Mtaa mzima unakula samaki. Mwenye ploti amepanda maua yanayostahimili chumvi, na ukuta ameupaka rangi.

Juzi Mzee Dena alikuwa akipara changu. "Mwanangu," akasema, "sasa huna unachokosa. Bahari imekuja mpaka mlangoni."

"Imekuja, baba, nashukuru," Mbeyu akajibu, miguu ikiendelea kukanyaga. "Lakini mimi nilitaka kwenda."