Mkanda wa Jubilei

Deki ya video ilikufa zamani, lakini mkanda Sabina aliutunza. Aliuweka kwenye debe la mbegu za maharage, umeviringishwa kwa kanga mbili, majivu makavu chini na majivu juu, maana kilichokaa kwenye majivu hakibunguliwi. Ndani ya mkanda huo marehemu mumewe, Josephati, alisimama siku ya jubilei yao ya ndoa, miaka ishirini na mitano, akatamka mbele ya padri na ukoo mzima kwamba shamba la chini, lile linalopakana na msitu, ni la kitinda mimba wao Paskalina, aolewe asiolewe.

Karatasi haikuwepo. Ulikuwepo mkanda tu.

Sasa Remigius, mdogo wa marehemu, alikuwa akileta watu wa kempu ya watalii kulitazama shamba hilo ili walinunue. Sabina alipomtajia mkanda, hakubisha. Alicheka.

"Shemeji na wewe! Mkanda siku hizi anauangalia nani, nyani wa msituni? Nipe niupeleke mjini Karatu wauingize kwenye simu. Jumamosi kwenye kikao cha ukoo kila mtu ataona kiganjani mwake."

"Utaurudisha?"

"Sasa nikuibie sherehe niliyoila mwenyewe?"

Akampa.

Alhamisi asubuhi, ukungu haujainuka, picha zikaingia kwenye grupu la ukoo. Paskalina akamshikia mama yake simu barazani. Vyote vilikuwemo: suti ya kahawia yenye mikono mirefu kupita kiasi, keki ya ghorofa tatu, kwaya, jirani yao Martha na kofia yake ya manyoya. Josephati akashika kipaza sauti, akamshukuru Mungu, akawashukuru wakwe. Akakohoa, kama alivyokohoa kila alipotaka kusema neno zito.

Watu wakapiga makofi. Keki ikakatwa.

"Rudisha nyuma," Sabina alisema.

Paskalina akarudisha. Kikohozi. Makofi.

Sabina akampigia shemeji yake. "Mkanda uko wapi?"

"Ule? Ulishaota kuvu, shemeji. Fundi wa studio kautupa. Ya nini tena? Kila kitu kimo kwenye simu."

"Maneno ya kaka yako hayamo."

"Basi hakuyasema," Remigius akajibu taratibu, akakata.

Siku nzima simu ililia. Ndugu wa Mbulu walilia na kucheka. Shangazi wa Singida aliangalia mara sita. Ijumaa Sabina akajikongoja hadi kwa Martha, ambaye siku ya jubilei walikaa naye meza moja. Alimkuta anapepeta mahindi.

"Martha, Josephati alipokohoa, alisema nini?"

"Hakusema, Mama Paskalina. Nimeangalia mara nne, mpaka nimelia. Alikohoa, tukapiga makofi."

"Tulimpigia makofi kwa lipi?"

Ungo ukasimama. "Si... hotuba?"

"Ulinishika mkono huu. Ukaniambia, mwanao leo kapata."

"Mimi?" Martha alimtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgonjwa. Akajifuta vumbi, akachomoa simu kifuani. "Ngoja tuangalie."

Sabina hakungoja. Alirudi nyumbani akamkuta Paskalina kwenye kizingiti, kidole gumba kinarudisha picha nyuma, kinarudisha tena.

"Zima hiyo."

"Mama, usinikasirikie. Kesho wakiniuliza nitasema nini? Nilikuwa na miaka saba. Miaka yote hii nilikuwa namsikia baba akinitaja, kabisa, na sauti yake. Tangu jana nikifumba macho naona keki." Akameza mate. "Alisema kweli?"

Sabina akafungua mdomo amjibu. Huko chini, upande wa msitu, nyundo ikagonga mti, ikagonga tena. Watu wawili wa kempu walikuwa wameshaanza kupigilia vigingi shambani, Remigius akiwashikia kamba, na kikao kilikuwa kesho.