Mvua ya Nyange

Hakuna mwanamuziki Eldoret nzima aliyewahi kujaza watu kunishinda. Haya, nikubali: wengi walikuwa wanafuata maziwa.

Miaka hiyo ya chama kimoja wenzangu walikuwa na magitaa. Mimi nilikuwa na ng'ombe, Nyange. Nilimkamulia ndani ya debe tupu, likalia tii tii. Nikahamia sufuria, ikanong'ona. Nikamalizia na karai, sasa hiyo ni mvua ya mawe juu ya mabati. Nilijifunga shuka nyeupe, nikajipaka masizi usoni, nikaiita kazi hiyo "Mvua". Mama yangu kule Kiplombe aliiita wazimu.

Siku ninayosema, nilipiga nyuma ya duka la Halima, muuza sukari.

"Njambi, wakikushika mimi sikujui," alisema, huku akinipangia viti.

Maana kukusanya watu bila kibali ilikuwa kesi, na D.O., mkuu wa tarafa yetu, alishasema atakuja kujionea mwenyewe. Akipenda, nitapiga uwanjani Sikukuu ya Jamhuri. Asipopenda, nalala ndani.

Wa kwanza kufika alikuwa Mburu wa vijana wa chama, shati jekundu, rungu mkononi.

"Mama, huu ni mkutano! Kibali kiko wapi?"

"Cha kukamua? Muulize ng'ombe."

"Nitawafungia seli nyinyi wawili!"

"Hatutoshi, kijana. Mkia utabaki nje."

D.O. akaja, akakaa. Nikaanza. Debe, sufuria, karai, debe tena! Katikati Nyange akaamua kukojoa, nami nikainua mkono kana kwamba ndivyo tulivyopanga. Watu wakapiga kelele. D.O. alicheka mpaka kofia ikamwanguka.

"Nani alibuni mambo haya?"

Mburu akaruka mbele. "Ni mimi, mheshimiwa! Huyu mama ni mwanafunzi wangu. Kila asubuhi nakamua naye."

Nani angebishana na shati lile?

"Vizuri sana," D.O. akasema. "Basi siku ya Jamhuri utapiga wewe. Hebu tuonjeshe kidogo."

Mburu akachukua kigoda, akaenda kukaa upande wa kushoto. Wakulima wa kijiji cha Ziwa waliokuwa mbele wakaguna wote pamoja, kwa sababu Nyange alikamuliwa kulia tangu azae. Ng'ombe akageuza shingo, akamtazama kama mtu aliyeingia bafu la wenyewe. Mburu akavuta chuchu moja kama anayepiga kengele ya kanisa. Hata tone. Teke likalipeleka debe mpaka kwa viatu vya D.O.

"Pole, mwalimu!" Halima akapaza sauti kutoka mlangoni.

D.O. akafuta kiatu polepole. "Kila asubuhi, Mburu?"

"Kila asubuhi, mheshimiwa."

"Na anaitwa nani huyu ng'ombe?"

Mburu akamwangalia ng'ombe. Akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia mawingu.

"Anaitwa... Simeon, mheshimiwa."